Ukuta Mmoja, Lugha Tatu

Ndugu msomaji, kama nawe una mke mwenye haraka, watoto wanaojua kila kitu na shemeji anayeongoza nyumba yako kwa simu, vuta kiti tuliwazane. Sisi hapa Hamburg tumejenga ukuta mmoja tu, wa kukata chumba cha watoto mara mbili, na ukuta huo umetutoa jasho katika lugha tatu kabla haujasimama.

Chanzo ni Malkia, binti yetu mkubwa. Alipotimiza miaka 13 alitangaza kwamba halali tena chumba kimoja na mdogo wake, maana mdogo wake anaongea usingizini. Ni kweli anaongea, tena kwa Kijerumani, akitangaza mpira. Waziri, yaani mama yao, akapitisha uamuzi kabla chai haijachemka: ukuta ujengwe, ila usifike darini, ili mwanga wa dirisha upite juu yake. Waziri akishasema, kwetu hubaki swali la lini tu.

Akapigiwa simu Injinia. Huyu ni kaka yake Waziri, anaishi Columbus, Ohio, na riziki yake ni kufunga kuta za jipsamu. Jina la Injinia tumempa sisi, kwa kuwa hawezi kuingia nyumba ya mtu asigonge ukuta kwa kidole na kusikiliza kilichomo. Hata siku aliyopelekwa kwa wakwe zake alianza na kuta, salamu zikafuata. Lakini ana moyo wa dhahabu. Usiku uleule akatuma karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na neno "on" lilikuwa kila mstari: jipsamu "on" vyuma, swichi "on" ukuta, shelfu "on" ukuta, taa "on" dari, na vyuma vyenyewe 16 "on center".

Kazi aliikubali mzee wa ghorofa ya chini, seremala mstaafu, Mjerumani mpole ambaye hagusi drili Jumapili hata umlipe. Sharti lake lilikuwa moja: apewe kila kitu kwa maandishi, kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, Waziri naye zamu ya mchana, basi karatasi ikaangukia mikononi mwa Profesa, yule yule mtangazaji wa mpira. Profesa akauliza simu yake, simu ikamjibu kwamba "on" ni "auf", naye akapanda "auf" kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Hapo ndipo balaa lilipozaliwa, kwa sababu Wajerumani hawana "on" moja. Kitu kikilalia kingine kwa juu, kama sahani mezani, hiyo ni "auf". Kikishikamana na ubavu au kikining'inia, ni "an": picha iko "an der Wand", taa iko "an der Decke". Aliye ghorofa ya tatu yuko "im dritten Stock". Fundi aliye kazini yuko "auf der Baustelle", anakuja Jumatatu "am Montag", na mzigo unaolipiwa ukifika unalipiwa "bei Lieferung". Mwingereza kote huko anasema "on" na maisha yanaendelea. Zaidi ya hayo, "an" na "auf" zimo katika kundi la maneno tisa yanayobadili hali ya nomino: ukiweka kikombe, unakiweka "auf den Tisch", kikishatulia, kiko "auf dem Tisch".

Mzee alianza na taa. Karatasi ilisema "auf der Decke", na "Decke" kwa Kijerumani ni dari, lakini pia ni blanketi. Akapanda ngazi, akabisha hodi, akauliza kwa adabu taa iwekwe juu ya kitanda kipi. Aliyemfungulia ni Kamanda, mama mkwe wangu, aliyetutembelea kutoka Tanga. Kamanda hajui Kijerumani, ila aliona mzee wa watu anaonyesha blanketi mara kwa mara. Akajua ana baridi. Akamfunika mabegani, akampa chai ya tangawizi na kumwambia, "Kunywa, baba, nchi yenu hii haina huruma." Mzee akanywa. Tangu siku hiyo wanaamkiana kama ndugu.

Kisha vyuma. Ile 16 ya Injinia ni inchi, yaani sentimita 40.6, na "on center" maana yake upime kutoka katikati ya chuma kimoja hadi katikati ya kingine. Profesa aliandika sentimita 16 "auf Zentrum". Nilirudi alfajiri nikakuta koridoni lundo la vyuma linalotosha kuzungushia zizi la ng'ombe, nami nikalala sebuleni siku nzima kwa kuwa chumbani hakupitiki. Mafundi wa Kijerumani hawatumii kihusishi hapo kabisa. Wana neno lao moja, "Achsabstand", na kipimo chao ni sentimita 62.5. Kila mmoja anafuata bodi yake. Bodi ya Marekani ina upana wa futi nne, karibu sentimita 122, basi nafasi tatu za inchi 16 zinaishia sawasawa ukingoni. Bodi ya Ujerumani ina sentimita 125, na nafasi mbili za 62.5 zinaufikia ukingo wake. Ukichanganya, ukingo wa bodi unabaki hewani bila chuma cha kupigia skrubu. Mzee alilijua hilo kwa uzoefu wake, akakunja karatasi na kusimamisha vyuma kwa kipimo cha kwao.

Shelfu, hata hivyo, aliifuata karatasi, kwa kuwa ukuta una kichwa na "auf der Wand" inawezekana. Akaipigilia juu ya ukuta, imara, nadhifu, ambapo Malkia hafiki hata akisimama kitandani. Waziri akataka ishushwe. Kamanda akasema haishushi mtu: hapo ni mahali pa masufuria yake ya pilau, wajukuu wasiyachezee. Masufuria yakapanda, Malkia akabaki na vitabu sakafuni, na mimi ndiye ninayebeba ngazi kila Ijumaa.

Kamanda anashangaa tulihangaikia nini, maana yeye husema "ukutani" tu. Lakini hata kwetu kazi ya kuonyesha mahali haifanywi na "ukutani" peke yake: ukutani pana picha, ukutani mna waya, na masikio yanajua kipi kiko nje na kipi kimezama ndani. Kila lugha huuliza swali hilo mahali pake, na aliyetafsiri neno bila kujibu swali amempa fundi fumbo. Kwa hiyo usimuulize mtoto "on" ni nini. Muulize kitu kinagusa wapi: kimelala juu, kimeshikwa ubavuni, kimeingia ndani, au kinapimwa kutoka katikati? Akikujibu hilo, Kijerumani chake hakitakosea.

Injinia sasa anatuma michoro yenye mishale na milimita. Wa kwanza umeshafika: kabati la viatu la koridoni. Waziri amekwisha kulipitisha.