Nani Kafumua Bandi?

Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wanne: mwalimu mstaafu, nesi, fundi cherehani na mimi. Mwalimu ndiye aliyekipata kwa muuza vitabu chakavu: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, jalada limechanika, kurasa zinanuka stoo. Ni hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58, ikachapishwa 1960, na humo ndimo mpelelezi Bwana Msa alimoanzia kutuvutia kiko chake. Mwalimu akaamuru tusome kwa zamu, siku moja na nusu kila mtu (hesabu ni yake, msiniulize), na Alhamisi jioni tukutane barazani kwa Fundi, tujadili kwa kahawa na kashata.

Nesi akauliza swali la maana: tutamzuiaje mwenye kiherehere asikimbilie mwisho? Fundi cherehani hakujibu. Alichukua sindano na uzi mweupe, akazipiga bandi sura zote zilizobaki, kila sura peke yake, mishono mirefu kama ya kushikiza pindo la suruali. Kila Alhamisi angefumua mbili.

Wiki ya kwanza ubishi ulikuwa mtamu. Kitabuni wapo wanaoamini kwamba kifo kimetoka mzimuni. Bwana Msa anatafuta mkono wa mtu. Nesi alikuwa upande wa Bwana Msa. Mwalimu, aliyefundisha sayansi maisha yake yote, akashika upande wa mzimu. "Mimi najua nilichokiona Pemba," alisema, na mpaka leo hajatuambia alichokiona. Mimi nilikuwa Najum mtupu, yule msaidizi wa Bwana Msa: nakubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Fundi alimshuku huyu, kisha yule, kisha akarudi kwa huyu.

Wiki ya pili nilitenda dhambi. Usiku wa zamu yangu nilikikunja kitabu kama bomba, nikamulika kwa tochi ya simu kwenye mwanya kati ya mishono, jicho moja nimelifumba. Mke wangu akazinduka.

"Baba nanihii, unatafuta mende?"

Niliambulia nusu ya jina. Alhamisi nikalitaja jina zima mbele ya wenzangu, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekesha akifikiri. Nesi akanisifu. Nilikula kashata tatu.

Wiki ya tatu, zimebaki sura za mwisho, Mwalimu akakisogeza kitabu kwenye taa, akavaa miwani. "Fundi, bandi hii imepinda. Huu si mkono wako."

Kimya. Mwenye kosa la tochi hangoji kuulizwa, nikawahi. "Tazameni fundo lake," nikasema, kalamu mdomoni badala ya kiko. "Nani kati yetu hushona watu kila siku?"

Nesi aliweka kikombe chini. "Kaka yangu, mimi nashona vidonda. Vitabu vyako sivijui."

Kuanzia hapo hakunisemesha. Hata sahani ya kashata ilinifikia kwa kupitia kwa Mwalimu. Lakini kitabu alikivuta, akapitisha kidole pembeni mwa kurasa kama anayetafuta mshipa.

"Matundu safu mbili. Sura hizi zimeshonwa, zikafumuliwa, zikashonwa tena. Nilipokipokea yalikuwepo, nikadhani ndivyo mafundi wanavyofanya. Nani huwa anakisoma kabla yangu?"

Wote tukamgeukia Fundi. Akajifanya anatafuta mkasi.

"Tena," nesi akaendelea, "wiki tatu unamshuku kila mtu, Fundi. Ila yupo mmoja humgusi kabisa."

Ikabidi aseme. Alikimaliza kitabu usiku ule ule wa kwanza. Umeme ulikatika akiwa katikati, akamalizia kwa mshumaa, na kwa mshumaa huo huo akashona upya. Ndiyo maana bandi ilipinda. "Mikono yangu imezoea kufumua," alijitetea, "ilinitangulia." Wiki tatu amekaa barazani akijikuna kichwa na kukisia vibaya kwa makusudi, na kwa kweli alikisia vizuri kunishinda mimi. Ile nusu ya jina niliyoiambulia kwa tochi ilikuwa ya mtu asiye na hatia yoyote.

Nesi nilimwomba radhi kwa kilo moja ya kashata. Alikubali kashata, radhi amesema atafikiria.

Sasa tumeanza Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyo huyo. Anakitunza Nesi, sura zimefungwa kwa bendeji, Fundi anasoma wa mwisho, nami siku ya zamu yangu naiacha simu kwa Mwalimu.