Sifo ya Kipakatalishi Kisichoshika Mtandao

Ukihudhuria mazishi huku kwetu Nyamira, utamsikia marehemu aliyekufa akidaiwa na nusu ya kata akisifiwa mpaka mvua iwatawanye waombolezaji. Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, alimtungia nzi sifa, na nzi hata asante hakusema. Basi sioni kwa nini kipakatalishi changu kisitungiwe sifo yake kingali hai. Kimetukanwa kwa Ekegusii, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha shule. Kimepigwa mgongoni kama mtoto aliyepaliwa na uji. Leo kitasifiwa.

Kwanza, ni msema kweli. Kwenye kona ya chini ya kioo chake kuna maneno machache tu: umeunganishwa, hakuna intaneti. Nionyesheni ofisi inayoweza kukiri hivyo. Tuna vijiji vyenye bomba, bomba lina koki, na koki imeota kutu kwa kungojea maji. Kwenye ripoti, vijiji hivyo vimeunganishwa. Tuna nyumba zenye mita ya umeme ukutani na koroboi mezani. Hizo nazo zimeunganishwa. Kipakatalishi peke yake ndicho kilichong'amua kwamba kuunganishwa ni jambo moja na kupata ni jambo jingine, nacho hukwambia hivyo bila kuitisha mkutano wala kukugawia kofia.

Sifo bila nasaba haijakamilika, na nasaba ya shujaa huyu ni ndefu. Mtandao anaoukosa hapa mlimani karibu na Kebirigo huingia nchini kupitia nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi na kuibukia Mombasa: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, yaani tulikuwa tukiomba kutoka juu, kama tunavyoomba kila kitu. Februari 2012 meli iliteremsha nanga karibu na bandari ya Mombasa, mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Nani mwingine amewahi kumfanya mkulima wa majani chai, mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyoyaona ni ya Mto Gucha, aulize habari za baharini kabla ya kunywa chai? Ukitaka nasaba upande wa umeme, kuna yule tumbili wa kituo cha umeme cha Gitaru. Juni 7, 2016 aliangukia transfoma, Kenya ikazimika kwa saa tatu na zaidi. Tumbili alipona, na kusema kweli yeye pia anastahili sifo yake.

Lakini nisiende mbali. Mara nyingi kosa halitoki Mombasa, linatoka shambani. Ruta yetu iko nyumbani kwa mama, ambaye kwa Ekegusii namwita "baba", na wageni wakitusikia huanza kumtafuta mzee. Kati ya nyumba yake na yangu kuna migomba. Mawimbi ya waifai hayapatani na maji, nao mgomba ni pipa la maji lililosimama wima. Jua likiwaka, mawimbi hupenya kwa shida. Saa nane mvua ikishaloanisha majani, hayapenyi kabisa. Miaka yote hiyo nilidhani mgomba kazi yake ni ndizi na kivuli. Ni kipakatalishi kilichonifundisha kuutazama kama ukuta. Nilipendekeza tukate michache. Mama akanitazama kama mtu aliyependekeza tuuze kaburi la babu.

Kuna pia radi. Ikinguruma upande wa Manga, mama huchomoa redio, chaja, na ile ruta, na hapo ana haki, kwa sababu radi ikipiga nguzo husafiri na waya mpaka sebuleni. Shida ni kwamba redio hurudishwa kabla ya taarifa ya habari, ilhali ruta hukumbukwa kesho. Nimewahi kukaa jioni nzima nikibadilisha nywila, nikifuta na kuweka upya programu, nikisoma maelezo ya lugha nisizozijua kwenye simu, kumbe kitu chenyewe kimelala chini ya kiti cha mama, hakina moto. Nani angenipa mazoezi kama hayo bure?

Nije kwenye hekima yake ya ardhi. Kipakatalishi kinapoingia mtandaoni huomba anwani kutoka kwa ruta. Ruta ikinyamaza, hakikai bila makao: hujipa chenyewe anwani inayoanza na 169.254. Mtu wa Gusii ataelewa mara moja. Huku ndugu hufikishana kwa chifu kwa ajili ya hatua mbili za mpaka. Na huyu bwana amejenga pasipo hati, pasipo mzee wa ukoo, pasipo hata kusafisha kiwanja, akatulia kama mwenye shamba. Ukiona tarakimu hizo, jua ruta haijampa kitu. Usimlaumu. Mlaumu mgawa ardhi.

Wakati mwingine anwani ipo sawa na bado kurasa hazifunguki. Hapo amesahau majina. Mashine hazijuani kwa majina bali kwa tarakimu, na kuna seva ambazo kazi yake ni kukumbuka jina la nani ni tarakimu gani. Ikipotea seva hiyo, unaweza kuibishia hodi anwani 8.8.8.8 ukaitikiwa vizuri, lakini ukitaja jina la tovuti hakuna anayelijua. Ni kama mzee wangu mmoja ambaye atakupeleka mpaka kwenye mlango wa mtu, ila jina la mwenye nyumba limempotea tangu wilaya ya Nyamira ilipokatwa kutoka Kisii.

Waya nao nimeujaribu. Ndani ya ule wa mtandao mna nyuzi nane, idadi ile ile ya obokano, kinubi chetu. Mpiga obokano akiulegeza mmoja, wazee hugeuza shingo. Ukikatika mmoja ndani ya waya wangu, hakuna anayegeuza chochote isipokuwa mimi, ninayeupindapinda karibu na kichwa chake na kuushikilia kwa gundi na maombi.

Na ukarimu wake! Kikigoma, kila mtu huwa fundi. Mwendesha boda ana dawa yake: zima, hesabu kumi, washa. Jirani anasema ni virusi. Mwalimu mstaafu anasema vya zamani vilikuwa vigumu. Mtoto wa dada yangu huangalia kwanza kama kuna aliyebonyeza kile kitufe chenye picha ya ndege, na aibu yangu ni kwamba mara mbili ndicho kilichokuwa kimebonyezwa.

Huyo mpwa ndiye niliyemwita usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi kwa KRA. Udhuru nilikuwa nao tayari, mtamu, wa kisayansi, lakini dada alisema faini haili udhuru. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi ya jana yake, ukarudi jioni hiyo. Betri kubwa ilikauka kabisa. Na ile ndogo ya duara kama sarafu, inayolinda saa ndani ya mashine, ilikuwa imekufa zamani. Safari hii mawimbi yalikuwapo, ruta inawaka, anwani halali. Bado kila tovuti ilikataliwa.

Mpwa akainama, akacheka. "Mjomba, hii inasema ni tarehe 1 Januari 2013."

Akanieleza. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kipakatalishi kilikuwa kikivitazama vyeti vya miaka ambayo kwake haijafika, kikavikataa, kama karani aliyeletewa barua ya kesho.

Nikaitazama tarehe ile. Nyamira bado haijapata gavana. Chuo Kikuu cha Kisii kinangoja hati yake, itakuja Februari. Kampeni zinakuja na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ahadi ambayo ilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 ilikuwa imesinyaa ikawa tableti. Mpwa wangu alianza darasa la kwanza mwaka huo wa 2013. Sasa amemaliza kidato cha nne, na kipakatalishi anachokijua ni hiki changu, akiitwa kukitengeneza.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibodi. "Niweke mwaka wa sasa?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

"Saa tano na nusu hii, mjomba. KRA hawangoji."