Kompyuta Mpakato Isiyopakatika

Neno "kompyuta mpakato" lilibuniwa na watu wenye nia njema. Kinachopakatwa ni mtoto, au paka, au ungo wa mchele unaochambuliwa mawe: kitu cha upole, kisichounguza. Sasa ichukue kompyuta mpakato ya gemu iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na prosesa ya Intel Core i9-13980HX. Ina uzito wa kilo tatu hivi, chaja yake ni tofali la wati 330, na prosesa yenyewe imepewa ruhusa na mtengenezaji kufika nyuzi joto 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo chai ingekuwa tayari kabla prosesa haijaanza kujihurumia. Ni kweli joto hilo liko ndani ya silikoni, si juu ya paja. Hata hivyo, mtoto mwenye homa ya namna hiyo hapakatwi, hukimbizwa hospitali.

Watu husema prosesa hizi hazijui kubana umeme. Wanazionea. Zinajua sana, ila kila zinachokiweka akiba asubuhi hukitapanya kabla ya adhuhuri, na zinakitapanya kwa faida ndogo ya kuchekesha. Prosesa niliyoitaja imeandikiwa wati 55 kama matumizi ya msingi, halafu pembeni, kwa sauti ya chini, ikaandikiwa kwamba inaweza kupanda hadi wati 157. Ni yule mgeni anayesema amekula kwao, aonje tonge moja tu, na ukirudi jikoni sufuria imebaki ukoko. Ulafi huu una sababu katika fizikia. Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volteji, ukizidishwa kwa kasi ya mapigo yake. Na kasi haipandi bila kuongezewa volteji. Punguza vyote viwili kwa asilimia 10, na matumizi yatashuka kwa takriban asilimia 27. Kinyume chake ndicho kinachouma: hatua chache za mwisho, zile za kuifikisha gigahezi 5.6 inayong'aa kwenye boksi, ndizo zinazonunuliwa kwa bei ya kuruka.

Mtetezi wa teknolojia atasema hayo ni ya 2023, na kwamba chipu mpya hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila wati. Sikatai. Mwaka 2025 Intel ilileta Core Ultra 9 275HX, yenye transista ndogo zaidi zilizotengenezwa na TSMC ya Taiwan, na wati zake za msingi ni zilezile 55. Na kilele? Wati 160. Miaka miwili ya ustadi, mashine za mabilioni, na dari limepanda kwa wati tatu. Kazi imeongezeka, lakini hakuna aliyefikiria kurudisha chenji.

"Lakini kompyuta ya gemu huchomekwa ukutani," atajibu mwingine, "betri ya nini?" Basi tuiulize betri. Nyingi kati ya mashine hizi kubwa zina betri ya wati-saa 99 au 99.9, kwa sababu kanuni za usafiri wa ndege hutaka kibali cha shirika ikizidi 100. Ukiila betri hiyo kwa wati 330 za chaja, itakwisha kwa dakika 18, kwa hiyo mashine hujipunguza yenyewe ukichomoa waya. Na hata ukutani, prosesa hushindania umeme na mfumo wa kupoza dhidi ya chipu ya grafiki, ambayo katika gemu nyingi za picha nzito ndiyo inayochelewesha safari. Hapo prosesa inayokimbia kwa nguvu zote ni konda anayegonga bodi la daladala iliyokwama kwenye foleni.

Wachezaji wa mashindano, wanaotaka fremu nyingi kwa picha ya kawaida, wana hoja nzito zaidi: kwao prosesa ina uzito kweli. Ila hata hapo wati si dawa pekee. Ryzen 9 7945HX3D ya AMD ina kilele kilekile cha gigahezi 5.4 kama ndugu yake asiye na "3D". Tofauti kubwa ni kumbukumbu ya karibu, megabaiti 128 badala ya 64, na kuna gemu ambazo hunufaika sana na ghala hilo la jirani. Afadhali kuweka chumvi karibu na jiko kuliko kukimbia haraka kwenda dukani.

Hali tulivu ya kubana umeme imo ndani ya karibu kila mashine, ila matangazo hupimwa kwenye ile ya "turbo", ambayo feni zake hunguruma hadi mwenye mashine huvaa hedifoni asisikie alichokinunua. Akichoka huihamishia kitandani, mto ukaziba matundu ya hewa chini, na feni zikaongeza sauti. Laiti angefungua kile kijitabu cha maelekezo kinachobaki kwenye boksi, angekuta onyo la kawaida la kompyuta mpakato: usiiweke mapajani.