Mgeni Keshasema, Nani Kabaki na Kazi?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilisonya mbele za watu. Sikukusudia, ila kilinitoka. Tulikuwa kwenye mkutano wa klabu yetu ya kujitolea, ukumbi umepambwa, viti vimevalishwa vitambaa, na mama mmoja asiyeona tuliyemwalika atueleze maisha ya wenzake alikuwa amepewa dakika 10. Kabla yake mshereheshaji alitambulisha meza kuu kwa dakika 20. Baada yake alisimama mgeni rasmi, akasema itifaki imezingatiwa, na hotuba yake ikaenda karibu saa nzima. Yule mama tulimpigia makofi, tukamvisha kitenge, tukapiga naye picha ya pamoja. Katika watu wote mle ndani hakuna aliyenyanyua mkono kumuuliza, “Mama, sasa sisi tufanye nini?” Hata mimi sikunyanyua. Ndipo nikasonya.

Jioni nikalileta kijiweni, maana jambo likinikaa kifuani huwa nalitua pale kwenye benchi la muuza kahawa. Alikuwepo Mwalimu mstaafu, fundi viatu na vijana wawili wa bodaboda. Nilipomaliza kusimulia, Mwalimu akaweka kikombe chini.

“Sasa kosa liko wapi, kaka? Mgeni anaitwa aseme. Kasema. Mlitaka aimbe?”

Hapana, Mwalimu. Mgeni anayeitwa na watu waliojitolea anakuja kukabidhi mzigo. Akiondoka na kitenge chake, mzigo ukabaki sakafuni, basi tulimsumbua bure kutoka nyumbani kwake, apande daladala mbili na fimbo yake mkononi.

Nikawapa habari ya mwaka 1925, kwa sababu ndiyo inayoniuma ninapoona tunavyofanya sisi.

Klabu za Lions, hizi hizi ambazo hata Dar es Salaam zipo, zilianzishwa Marekani mwaka 1917. Aliyeziunganisha ni Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago, aliyeona haitoshi wafanyabiashara kukutana kwa chakula cha mchana na kusaidiana biashara zao wenyewe huku miji yao ina shida tele. Kwa miaka 8 ya mwanzo walifanya mema ya kila aina, huku kidogo, kule kidogo. Juni 1925 wakakutana Cedar Point, jimbo la Ohio, kando ya ziwa Erie, kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka. Kati ya wasemaji walioalikwa alikuwemo Helen Keller, ambaye siku 3 kabla alikuwa ametimiza miaka 45.

Huyu Helen aliugua akiwa na miezi 19, ugonjwa ukaondoka na macho na masikio kwa pamoja. Alikaa katika giza na ukimya hadi mwaka 1887, alipoletewa mwalimu kijana, Anne Sullivan, aliyemfundisha maneno kwa kumwandikia herufi kiganjani kwa vidole. Neno lililomfungua ni “maji”. Anne alimshikisha mkono mmoja kwenye maji ya bomba, akamwandikia neno kwenye mkono wa pili, mtoto akang’amua kwamba kila kitu kina jina. Baadaye alijifunza hata kutoa sauti, ingawa mtu asiyemzoea alipata tabu kumwelewa.

“Subhanallah,” akasema muuza kahawa, akasahau kumimina.

Sasa msikilizeni alivyofanya. Alisimama mbele ya watu wenye uwezo, wenye maduka na viwanda, na machozi hakuyaomba. Alijifananisha na bahati inayobisha hodi mlangoni, akawaambia yeye ndiye hiyo bahati, amekuja kugonga kwao. Kisha akataja kazi. Wailee shughuli ya wasioona kama mtoto wao wenyewe, upofu unaozuilika uzuiwe, na asiyeona asikose shule wala msaada. Akawataka wawe wapiganaji wa watu wasioona. Nao wakaichukua. Tangu siku hiyo, miaka 100 na ushei sasa, macho ndiyo kazi inayotambulisha Lions duniani kote, kuanzia miwani inayokusanywa hadi kambi za kupasua mtoto wa jicho. Pale Nairobi, mtaa wa Loresho, ipo hospitali nzima ya macho yenye jina lao.

Hotuba yenyewe ilikuwa fupi. Mimi sijui kama kuna mgeni mwingine wa klabu aliyewahi kuacha kazi kubwa namna ile kwa maneno machache kiasi kile.

Fundi viatu akauliza, sindano bado mkononi, kama kweli waliitekeleza au walipiga makofi tu kama sisi. Swali zuri. Nikamwambia habari ya Peoria, mji wa jimbo la Illinois. Huko mwanachama mmoja wa Lions alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara. Fimbo aliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi, na lami nayo nyeusi, magari yanapita bila kuiona. Klabu ikakaa, ikaamua fimbo zipakwe rangi nyeupe na mkanda mwekundu. Hawakuishia kwenye rangi. Walikwenda baraza la mji, na mwaka 1930 ikapitishwa sheria kwamba mwenye fimbo nyeupe apishwe. Ulaya nako walikuwepo waliofikiria fimbo nyeupe miaka hiyo hiyo, lakini hawa walijua kwamba fimbo isiyo na sheria nyuma yake haimsimamishi dereva. Leo tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe, hata hapa kwetu.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa kimya muda wote, anachezea funguo. Akasema taratibu, “Kwa hiyo ile rangi si ya yule anayeishika.”

Ndiyo, mdogo wangu. Mwenye fimbo hiyo rangi haioni. Imepakwa kwa ajili yako wewe unayekuja na pikipiki.

Akanyamaza. Sikumwongezea neno, kwa sababu nilimwona limemwingia.

Mwalimu naye akaguswa na jambo jingine, nilipotaja kwamba Anne Sullivan mwenyewe macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni kwa ugonjwa wa trakoma, akapasuliwa mara kadhaa. “Trakoma si vikope?” Ndiyo, vikope. Basi Mwalimu, aliyefundisha mkoa wa Dodoma kwa miaka mingi, akaanza kutueleza watoto wa darasa la kwanza wenye tongotongo na nzi wametanda usoni, na bibi zao waliokaa vizingitini wakijing’oa kope kwa koleo ndogo kwa sababu kope zimegeukia ndani na zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Ndivyo vikope vinavyopofusha. Mdudu wake huhama kwa mikono, kwa nguo, kwa nzi. Mtoto huambukizwa tena na tena, kigubiko cha jicho kikafanya kovu ndani kwa ndani, na miaka mingi baadaye mama mtu mzima anapoteza nuru. Dawa ipo, inamezwa mara moja kwa mwaka kijiji kizima. Upasuaji wa kunyoosha kope upo. Na jambo la tatu ni uso safi. Kongwa, hapo hapo Dodoma, ni kati ya sehemu duniani ambako watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi jinsi uso wa mtoto ulionawishwa unavyohusiana na ugonjwa huu.

“Lakini maji, kaka,” akasema Mwalimu. “Mama anatembea mwendo mrefu kwa ndoo moja. Hiyo ndoo kwanza ni ya ugali.”

Hapo ndipo kujitolea kunapopimwa. Kwenda kijijini na fulana zilizochapishwa nembo, ukanawisha watoto 40 mbele ya kamera, ni kazi ya asubuhi moja. Kibuyu chirizi kwenye kila choo cha shule, na mtu wa kukijaza maji Jumatatu, Jumanne, Jumatano, muhula mzima, mwaka mzima, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Watu wa klabu za Rotary walipoahidi mwaka 1985 kuchangia chanjo ya polio kwa watoto wa dunia, walikuwa wameingia kwenye jambo la miongo. Mwaka 1988 polio ilikuwa inakadiriwa kupooza watoto 350,000 kwa mwaka. Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi ya watu kubeba makasha ya barafu kutoka mlango hadi mlango, wengi wao wasiolipwa, na wapo waliozeeka humo.

Sisi tulipanda miche 200 kando ya barabara ya shule. Niseme wazi, maana nami nilikuwepo na jembe. Mgeni alikuja akatueleza habari za mazingira, akapanda mche wa kwanza, tukapanda iliyobaki, tukala pilau. Nani alimwagilia? Hatukupanga. Kiangazi kilipofika, mbuzi na jua viligawana kazi. Na siku ile ya 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa nchi nzima ikafanya usafi, mtaani kwetu tulizoa mtaro vizuri sana, tope tukalirundika ukingoni. Mvua ya kwanza ililirudisha lote. Nilisonya siku hiyo pia. Inaniuma kwa sababu watu wetu kujitolea wanakujua. Msaragambo tumekua nao, msibani hakuna anayesubiri kadi ya mwaliko, mtu anabeba sufuria anakuja. Nguvu ipo. Klabu zetu zinaiita siku moja, kisha zinaiacha iende nyumbani.

Basi kijana wa bodaboda akatoa hoja, na hoja yake ilikuwa bora kuliko hotuba yangu yote. “Kuna mzee wetu asiyeona anapita hapa kila alfajiri kwenda msikitini. Kwa nini tusimwite yeye?”

Tukamwita. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa kwenye benchi, akapewa kahawa na kashata. Hakuna meza kuu. Muuza kahawa alimwamkia, akamwambia, “Mzee wetu, tuambie jambo moja linalokusumbua hapa mtaani, na sisi tupo.” Mzee hakusema habari ndefu. Alisema mifuniko 2 ya mtaro mbele ya duka la mkaa imevunjika, na yeye huhesabu hatua tangu kwenye mwarobaini ili asidumbukie. Akaongeza kwamba pikipiki zinazoegeshwa juu ya mtaro uliofunikwa humharibia hesabu, analazimika kushuka barabarani, kisha hajui arudie wapi. Tumepita juu ya mashimo yale miaka, kila mmoja wetu ameyaruka kwa mguu wake.

Vijana wakahamisha egesho la bodaboda siku hiyo hiyo, ng’ambo ya mwarobaini. Fundi viatu alijua mtu mwenye mabaki ya nondo. Mwalimu akatoa mfuko wa saruji kwenye pensheni yake, akakataa kurudishiwa hata shilingi. Tukafunga mbao, tukasuka nondo, tukachanganya mchanga na kokoto, tukamwaga mifuniko 2 ya zege kwenye kivuli cha ukuta. Fundi mwashi aliyepita njia akatuonya tusiinyanyue kabla ya siku 7, na kila siku imwagiwe maji asubuhi na jioni, la sivyo itapasuka.

Safari hii tulipanga. Majina yameandikwa kwa chaki ubavuni mwa meza ya kahawa, asubuhi nani, jioni nani. Leo ni siku ya 4. Zamu ya jioni ni yangu, na ndoo ninayo hapa miguuni.