Minyoo ya Plastiki Mezani

Minyoo ile ililala juu ya meza ya kulia usiku mmoja tu, na asubuhi ikawa imeila vanishi. Mume wangu aliipanga pale baada ya chakula, ya kijani huku, ya kahawia kule, achague ya kwenda nayo ziwani, kisha usingizi ukamchukua. Alipoibandua, meza ilibaki na alama zenye kunata, kila mkia umejichora ulivyo. Mama mkwe alisimama na chupa ya chai mkononi, hajui aitue wapi.

Duka alikonunua halikumwambia neno. Chambo laini cha namna hiyo ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo huhamia kwenye vanishi, kwenye rangi, hata kwenye plastiki ngumu. Binti yetu, kwa nia njema kabisa, aliikusanya akaitia kwenye kopo la bibi yake la iliki. Baada ya siku chache kopo lilikuwa limelegea ubavu mzima, na iliki iliyosafiri kutoka Kigoma ikaenda jalalani. Minyoo ya plastiki ibaki kwenye pakiti yake iliyotoka dukani. Nimeliandika hilo kwenye mlango wa friji kwa herufi kubwa.

Tunaishi Buffalo, katika jimbo la New York, pale Ziwa Erie linapokwisha na Mto Niagara unapoanza. Mume wangu kazaliwa Ujiji, na miaka yote aliyokaa hapa aliyatazama maji haya bila kuyagusa. Mwaka huu akaamua kumvua besi mwenye mdomo mdogo, samaki mwenye nguvu kuliko umbo lake, na rafiki zake wakamwambia ajifunze dropu shoti. Mtindo huo ulivuma Japani kabla haujashika huku Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na unayafaa maji kama haya. Kome pundamilia walipovamia maziwa makuu ya huku walianza kuyachuja, maji yakawa maangavu, na samaki sasa huona kila kitu. Wanataka uzi mwembamba, ndoano ndogo, na chambo kisicho na papara.

Kazi yote imo katika fundo, na fundo lilihamia jikoni kwangu. Linaitwa Palomar. Uzi unakunjwa mara mbili, kitanzi kinapita kwenye tundu la ndoano, unafungwa fundo la kawaida kwa uzi uliokunjwa, kisha ndoano nzima inapitishwa ndani ya kitanzi na kukazwa. Mkia wa uzi haukatwi. Unaachwa mrefu, unarudishwa tunduni kwa upande wa ncha ya ndoano, na hapo ndoano inasimama mlalo, ncha ikitazama juu. Chini kabisa ya mkia huo, sentimita 30 au 45 hivi, ndipo uzito unaponing'inia.

Fundo hilo liloweshwe kwa mate au maji kabla ya kukazwa, maana uzi wa florokaboni ukisuguana mkavu hupata joto na kudhoofika. Mume wangu alikaza kavu, akafunga ncha ya pili kwenye kitasa cha mlango wa stoo, akavuta kujaribu nguvu. Uzi ukakatika fundoni, uzito ukaruka, kioo cha saa ya ukutani kikapasuka.

Nilipokuwa nikizoa vigae nikaona uzito wenyewe ni risasi, na nyingine zimepangwa kando ya sinki ninapooshea mboga. Hapo nilikataa, na nakataa mpaka leo. Hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua. New York yenyewe ilipiga marufuku mwaka 2004 kuuza risasi za uvuvi za nusu aunsi kushuka chini, kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakizimeza na kufa. Hizi zilitoka kwenye sanduku la zamani la rafiki yake. Tulizitoa nyumbani, tukanunua za tungsteni. Bei yake inauma, lakini tungsteni ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha, na kikigusa mwamba unakisikia hadi kwenye vidole.

Kisha ndoano ikanasa khanga ya mama mkwe.

Alikuwa akipita nyuma ya kiti. Mume wangu akataka mkasi, mama akasema khanga yake haikatwi na mtu. Akaketi, akavaa miwani, akaanza kuichomoa mwenyewe, na katika kuichomoa akaufuata uzi kwa vidole mpaka chini.

"Baba," akamwambia mwanawe, "uzito uko chini, ndoano iko juu?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo dropu shoti."

"Marehemu baba yako alivua samaki kuhe hivihivi. Jiwe mwishoni mwa mshipi, ndoano kwenye tawi lake juu ya jiwe. Sasa mbona unahangaika kama mgeni?"

Kuanzia jioni hiyo darasa lilikuwa lake. Binti yetu alifundishwa kwa kamba ya kiatu na tundu la ufunguo, kitu kinene ambacho jicho linaweza kukifuata, na akalipata fundo kabla ya baba yake. Kila mzazi anayetaka mtoto ajue kufunga ndoano aanze hivyo, pasipo ncha wala damu.

Huku aliyetimiza miaka 16 havui bila leseni, kwa hiyo tulimkatia mama leseni, tukaenda gatini. Mume wangu alishusha uzi, akaanza kuutikisa ufito wa kuvulia mpaka uzito ukawa unarukaruka mawe kwa mawe.

"Jiwe likae," akasema mama. "Legeza mshipi. Tikisa ule uliolegea, chambo kicheze mahali pake."

Hilo ndilo somo, na sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi. Uzito unalala chini, mnyoo unatetemeka palepale mbele ya samaki, hauendi popote. Anapoudaka, usikurupuke kuvuta kwa nguvu. Ndoano ni nyembamba. Inua ufito taratibu huku ukikunja uzi, nayo itazama yenyewe.

Mama alimtoa besi, mgongo wa shaba, akiruka nje ya maji. Akauliza mawese tuliweka wapi. Ikabidi tumweleze kwamba idara ya afya ya jimbo inatoa mwongozo wa kiasi cha kula samaki wa ziwa hili, na kwa watoto ni mkali zaidi. Kumrudisha samaki majini kulimkera sana, na namwelewa. Ujiji samaki anavuliwa aliwe. Usiku tulipika dagaa wa Kigoma kutoka duka la Waafrika, na hasira ikapungua.

Sasa bibi na mjukuu wanagombania urefu wa mkia wa uzi. Huko chini wamejaa gobi, samaki wadogo wageni wanaodokoa chambo, na mjukuu anataka ndoano ishuke apate chochote.

"Ipande," anasema bibi yake. "Hao wadokozi wanakaa sakafuni. Fungua, funga upya, na safari hii lowesha."