Mateso ya Mteremko: Uchunguzi wa Mapaja ya Mpandaji wa Ubaruku

Mkazi wa Ubaruku aliyepanda mlima Jumamosi hutambulika Jumatatu kwa namna anavyokikaribia choo cha shimo, kwa kuwa mtu huyo, aliyeaga kwa majigambo, sasa hawezi kuchuchumaa bila kushika ukuta, na akishachuchumaa hawezi kuinuka bila kuita mtu, jambo ambalo mzazi mwenye heshima zake hulitafakari kwa muda mrefu akiwa palepale chini.

Mlima wenyewe, kwa usahihi, ni ukingo wa nyanda za juu unaoinuka ghafla kusini mwa barabara kuu ya Zambia pale Chimala, ambako njia ya Matamba, inayoendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyoanzishwa mwaka 2005, hupanda kwa kona nyingi kiasi cha kuitwa Hamsini na Saba, yaani idadi ya kona zake. Majaruba ya mpunga ya Usangu, tambarare iliko Ubaruku, yako mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Kitulo hufikia mita 2,600 hivi, na mtu wa tambarare huamini kwamba adui yake ni kupanda. Sivyo. Kupanda humaliza pumzi tu, na pumzi hurudi.

Kinachostahili uchunguzi ni kuteremka. Mtu anapopanda, misuli ya mbele ya paja hufupika ikiusukuma mwili juu. Anapoteremka, misuli hiyohiyo hugeuka breki, ikivutwa na kurefuka huku yenyewe ikijaribu kufupika, na mvutano huo, ambao kwa hakika ni ugomvi wa mtu na paja lake, huchana vijisehemu vidogo mno vya nyuzi za msuli. Ajabu ni kwamba breki hiyo hutumia nguvu kidogo kuliko kupanda, hivyo mteremkaji hajisikii kuchoka, hupiga mluzi, huzikimbilia kona za mwisho, na kufika Chimala akiamini kuwa mlima umesalimu amri. Maumivu hayatokani na asidi ya laktiki, kama wanasoka wengi wa mtaani wanavyosadiki, kwani asidi hiyo huondoka mwilini ndani ya saa chache; maumivu huja polepole wakati mwili unapokarabati majeraha, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye, wakati mashahidi wa ushujaa wamekwisha kutawanyika na vijana wa rika lake wanamwamkia, “Shikamoo, babu.”

Mateso mengine, kama kubanduka kwa soli ya raba, ukungu uliofunika mandhari yote, na kupimwa malaria pasipo sababu, hayahitaji maelezo.

Linalouma zaidi ni yule mama mwenye gunia kichwani na mtoto mgongoni, ampitaye mpandaji kona za mwanzo na kusema, “Pole, baba,” bila kupunguza mwendo. Sayansi hueleza kwamba msuli ulioumizwa na mteremko mmoja hujijengea kinga dhidi ya unaofuata. Haielezi kwa nini mwendo wa mpandaji huitwa utalii na kupigwa picha, ilhali wa mama huyo huitwa mazoea, wala hakuna aliyewahi kumuuliza magoti yanasemaje.

Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, hivyo anayetaka kuitunza hana budi kupanda tena mapema, na hadi sasa magari ya Chimala yameendelea kuondoka Ubaruku bila yeye.