Spishi za Kusubiri: Jaribio la Kuainisha Mzigo Uliosimama

Wataalamu wa ugavi wameandika mengi kuhusu mzigo unaokwenda: kasi yake, nauli yake, njia yake. Mzigo uliosimama, ambao ndio mwingi, haujapata mwanazuoni. Makala haya yanaziba pengo hilo. Kuanzia gatini Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma, na kwenye vibaraza vya maduka ya Kariakoo, jamii ya Kusubiri ina spishi tano zilizothibitika na moja inayobishaniwa.

1. Kusubiri kwa kurithi. Chanzo chake kiko mbali na mwenye mzigo hana hatia. Kielelezo kinachotajwa zaidi ni Ever Given, meli yenye urefu wa mita 400, iliyoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita kuanzia tarehe 23 Machi 2021. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Kwa spishi hii, muuza vipuri hujifunza jiografia bila kulipa ada.

2. Kusubiri kwa karatasi. Makazi yake ni bandarini. Kontena limeshuka, linaonekana kwa macho, ila kisheria bado halijafika. Mlezi wake ni wakala wa forodha na mlio wake ni "mtandao uko chini". Hula tozo za kuhifadhi mzigo, na hali kwa msimu: hata Jumapili hula.

3. Kusubiri kwa uzito. Hupatikana kwenye mizani ya barabarani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa lori la ekseli saba. Aliyezidisha na asiyezidisha hupanga foleni moja, kwa hiyo uadilifu wa dereva hautambuliki mpaka apande mizani.

4. Kusubiri kwa reli. Ndiyo pekee inayopimika kwa rula. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, Reli ya Kati ya zamani 1,000, na reli ya kisasa (SGR) 1,435. Kwa sababu ya milimita 67 tu, behewa la TAZARA haliwezi kuingia Reli ya Kati, na Kidatu, zinapokutana, ikapata kituo cha kuhamishia mizigo.

5. Kusubiri kwa mpaka. Spishi hii huzaa. Panapolala malori huota gesti, mama lishe, fundi matairi na mbadilisha fedha. Mwanazuoni anayetaka kuitokomeza awaulize kwanza wenyeji wa Tunduma.

6. Kusubiri kwa bodaboda. Inabishaniwa kwa kuwa haijulikani nani anamsubiri nani. Bodaboda amefika, yuko chini ya mwembe. Mteja naye yuko chini ya mwembe. Miembe ni miwili.

Uchambuzi. Ukiacha ile ya kurithi, ni nadra kukuta spishi inayoishi safarini. Nyingi huishi kwenye maungio: mzigo unapotoka melini kwenda gatini, relini kwenda relini, nchi kwenda nchi, mkononi kwenda mkononi. Lori linalotembea halina kesi. Kwa hiyo anayenunua lori lenye kasi zaidi hununua haki ya kuwahi foleni. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini methali hiyo haikutungwa na mwenye shehena ya nyanya.

Teknolojia nayo imechangia. Siku hizi mwenye mzigo huona kwenye simu kontena lake lilipo, na limesimama hapo tangu lini. Spishi hazijapungua, zimepata picha. Tunapendekeza basi fedha inayotengwa kwa injini kubwa zaidi igawanywe, na fungu liende kwa yule karani mmoja wa dirishani ambaye saa saba mchana huenda kula, akiwa na mhuri mfukoni.